Fundi Nusu Saa na Miwani ya Sinema

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi Nusu Saa, na jina hilo alilipata kwa kichwa chake kigumu. Kwa miaka thelathini na nne alitengeneza televisheni, na hakuna iliyotoka kibandani kwake kabla mwenye nayo hajaketishwa kwenye stuli akaiangalia nusu saa nzima. Fundi naye aliketi pembeni akimtazama mteja, wala si televisheni.

"Ugonjwa wa mashine hautokei dakika ya kwanza," alikuwa akisema. "Unasubiri ufike nayo nyumbani."

Wenye haraka waliondoka wakinung'unika, kisha wakamrudia, maana alikuwa fundi kwelikweli.

Halafu zikaja televisheni nyembamba, zile ambazo zikiharibika watu hununua nyingine. Kazi ikapungua mpaka fundi akawa anashinda akipangusa vumbi. Mwanawe wa pekee, mwalimu katika mji mwingine, akamwambia kwa upendo, na upendo huo ndio uliomuuma: "Baba, umefanya kazi ya kutosha. Funga, uje ukae na sisi. Chumba kipo."

Fundi alikifahamu chumba hicho. Kilikuwa na dirisha la kutazama getini na kiti kizuri chenye mito. Alikiogopa kiti kile kuliko kifo. Wakabishana weee, mwisho wakaafikiana: akiuza kitu kipya hata kimoja kabla ya mwezi kwisha, anabaki. Asipouza, anafunga.

Kitu kipya alikipata kibanda cha jirani, kwa Dada Kava, muuza makava ya simu, mwanamke mwenye mdomo usiopumzika. Ilikuwa miwani ya sinema: kisanduku cheusi cha plastiki chenye lenzi mbili na mkanda. Unatia simu yako ndani, unakivaa usoni, na kioo cha simu kinakuwa kikubwa kama ukuta. Bei yake hata mfanyakazi wa kawaida aliimudu. Dada Kava alimvalisha mteja, akamwonyesha gari linaloporomoka mlimani, mteja akapiga ukelele, wenzake wakavunjika mbavu, naye akalipa kabla pumzi haijamrudia. Dakika mbili tu, biashara imekwisha.

Fundi akachukua nane, akazipanga, akatoa stuli.

Dakika ya tano wateja walicheka. Ya kumi, pua zililoa jasho. Ya kumi na tano, wakaanza kujishika kisogo. Ya ishirini, wakaivua, wakaaga kwa adabu. Dada mmoja aliyetoka kusuka hakukubali hata mkanda uguse nywele zake. Kijana mmoja aliivua akamgeukia rafiki yake, akauliza, "Sasa mwenzangu atakuwa anaona nini?" Wakaondoka wote wawili.

"Fundi, unawapa watu muda wa kufikiri!" Dada Kava alimshangaa. "Nani anauza hivyo duniani?"

"Ninayemuuzia leo nitakutana naye kesho."

"Kesho ameshaitupa juu ya kabati, wala hakumbuki alinunua kwa nani."

Alisema kweli, na hiyo ndiyo iliyomkera fundi. Soko gani hilo la kitu kinachonunuliwa kwa kicheko na kusahauliwa kabla ya wiki kwisha? Lakini soko la dakika mbili lilikuwa hai, na la nusu saa lilikuwa limekufa. Siku ya mwisho ya mwezi, miwani nane zilikuwa bado nane.

Saa nane mchana akaja mama mmoja kuuliza televisheni kuukuu, ndogo, inayoweza kufungwa darini.

"Darini?" fundi akashtuka.

"Mume wangu ni mwashi. Alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, ni mwaka wa pili sasa. Amelala chali, hata mto haruhusiwi. Anaangalia dari. Akiichoka dari, ananiangalia mimi."

Fundi alichukua miwani moja, mkasi, sindano na uzi, kipande cha lastiki na cha sponji, akafunga kibanda.

"Ndiyo unahama?" Dada Kava akauliza.

"Naenda kuketi nusu saa."

Mwashi alikuwa mtu wa mabega mapana, kitanda kikimtosha kwa shida. Kabla hata ya salamu kwisha, alionyesha dari kwa kidevu. "Uone msumari wa nne kutoka mlangoni. Umepigwa kombo. Miaka miwili nautazama na siwezi kuung'oa!"

Mama alitoa simu yake, ikatiwa ndani, mwashi akavalishwa. Dakika ya tatu tu, "Inanichoma kisogoni."

Fundi akaichunguza. Kishikizo cha mkanda kilikaa nyuma, kwa sababu aliyeitengeneza aliwafikiria watu waliosimama. Akakikata, akashona lastiki ubavuni, juu ya sikio, na kisogoni akaweka kile kipande chembamba cha sponji. Vidole vyake, vilivyokuwa havijashika kazi kwa miezi, havikukosea hata mara moja. Kisha akaanza kuhesabu nusu saa upya.

Akamwekea video ya watu wakijenga jengo refu. Mara mwashi akafoka: "Nani kampa huyu kamba ya kunyooshea ukuta? Ona kona ile! Aibu!" Akawatukana waashi wa nchi asiyoijua, ghorofa kwa ghorofa, sauti ikizidi kupata nguvu. "Mke wangu, hii haitoki humu ndani!"

Fundi alifurahi, ila akamwona mama amesimama mlangoni peke yake. "Mama, nikwambie ukweli kabla hujalipa," alisema. "Anachokiona yeye, wewe hutakiona."

Mama akatikisa kichwa. "Fundi, miaka miwili kila nikigeuka nayakuta macho yake. Nikila ananiangalia. Nikilia ananiangalia. Nampenda, Mungu anajua. Lakini niache kidogo na mimi nisiangaliwe."

Akatoka, akaketi kwenye ngazi ya nje.

Nusu saa ilipotimia, fundi aliinuka ili aulize kichwa kinaendeleaje. Kupitia mlangoni alimwona yule mama amelala usingizi akiwa ameketi, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, ndala moja imemdondoka. Mwashi alikuwa ghorofa ya tisa, anagomba. Fundi akarudi kitini polepole, asikwaruze sakafu.

Simu yake ikatetemeka mfukoni. Alikuwa mwanawe.

"Baba, kesho nije na gari kukuchukua saa ngapi?"

"Ongea taratibu, mwanangu," fundi alinong'ona. "Niko kazini."