Mama Mkwe Anataka Nikavirudishe Vitabu vya Marehemu

Msomaji wetu wa Tanga ametusihi tumsitiri. Jina lake tumelifuta, maneno ni yake mwenyewe.

Assalaam alaikum wasomaji wa ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mjane, na Mungu hakunijaalia mtoto. Kwetu ni Mwera, shamba kwa wakulima, ila niliolewa hapa mjini na hadi leo naishi Usagara na mama mkwe wangu, mzazi wa marehemu. Mume wangu alikuwa mwalimu. Hata huku kuandika alinifundisha yeye, tukikaa barazani baada ya magharibi, nami nikiona haya wapita njia wasije wakanicheka.

Mwalimu alipenda vitabu kupita kiasi. Watu wakinunua kanzu ya Idi, yeye ananunua kitabu. Kabati letu lilijaa, vingine vikakaa chini ya kitanda. Alipougua figo, na sote tukaona kwamba hainuki tena, aliniita akanishika mkono mbele ya mamake. Akasema, "Mke wangu, nikiondoka, vitabu vyangu vipelekeni maktaba ya mjini. Mimi nimekuwa mtu mzima kabla sijashika kitabu nikakiita changu. Nataka mtoto wa mtu aingie pale, akichukue, asome, asiulizwe yeye ni nani."

Mama mkwe alikuwa akilia tu.

Nilipotoka eda nikamwuliza kwa adabu, "Mama, ile kauli ya Mwalimu tuifanyeje?" Akasema, "Kama ni wasia wake, peleka. Mimi nani niuzuie?" Akaketi mkekani, akavifuta vumbi kimoja kimoja kwa kanga yake, yeye ambaye hajui hata alifu. Nikadhani moyo wake umeridhia.

Bwana wa maktaba alivipokea kwa heshima. Alinipa kiti, akanishukuru, akaandika jina la marehemu ndani ya kila kitabu kuwa ndiye aliyekitoa. Siku ile nilirudi nyumbani mwepesi, nikasema deni la mume wangu limekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza mambo yanaanza. Mama alipoliona kabati tupu, akawa kila akipita analifungua na kulifunga. Jumamosi moja akaniambia, "Nipeleke huko ulikompeleka mwanangu." Nikampeleka. Bwana wa maktaba akamwamkia shikamoo, akamletea vitabu mezani. Mama akavipapasa, akavinusa, akakishika kimoja chenye jalada jekundu. "Hiki ndicho alichokuwa akinisomea nilipokuwa naumwa macho," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona akitabasamu. Basi ikawa desturi yetu, kila Jumamosi twende, akae na kile chekundu mapajani hadi adhuhuri.

Siku moja tukafika, chekundu hakipo.

"Kimeazimwa, mama," bwana wa maktaba akamwambia. "Kitarudi, inshallah."

"Kimeazimwa na nani?" akauliza. "Huyo anamjua mwanangu? Alimwuguza?" Sauti ikampanda, watu wakaacha kusoma wakatutazama. Akaketi sakafuni akalia kama siku ya maziko. Nilimwinua kwa shida, nikamshika kiunoni njia nzima.

Tangu siku hiyo hatoki kitandani. Ameniambia neno ambalo linanikata maini: "Nimezikiwa mwanangu mmoja mara mbili. Mara ya kwanza ni kudra ya Mungu. Ya pili ni mkono wako." Wifi yangu naye akaja juu, "Wewe bado kijana, kesho utaolewa uondoke zako. Mama yetu atabaki na nini? Nenda ukavirudishe!"

Nikaenda. Niliwaza bwana wa maktaba atakataa, nami nipate la kusema nyumbani. Lakini hakukataa. Alisema, "Dada yangu, siwezi kumgombania mzazi kitu cha mwanawe. Ukivitaka, ngoja nivikusanye." Nikaketi kungoja.

Meza ya pili walikuwepo vijana wawili, mmoja anasoma kitabu cha kilimo. Ghafla akaangua kicheko, akamwonyesha mwenzake ukingo wa ukurasa. "Hebu sikiliza alivyoandika mwenye kitabu: 'Bwana mwandishi huyu hajashika jembe hata siku moja. Aje Mwera aulizie!'" Wakacheka wote wawili hadi wakahimizwa kunyamaza. Yule wa kwanza akasema, "Simjui, lakini ningependa kupiga naye soga."

Wasomaji, zile ni kejeli za mume wangu, kwa kalamu yake ya risasi. Nilimsikia akisema na watu. Nilifunika uso kwa buibui nikalia palepale, nikamwambia bwana wa maktaba aviache, nikatoka mikono mitupu.

Nyumbani mama akauliza, "Umekuja navyo?" Nikamwambia, "Maktaba imefungwa, mama." Sasa kila kukicha ananiuliza kama wamefungua.

Nikivirudisha, nimevunja wasia, na yale maneno ya Mwalimu yatafungiwa kabatini kwa mtu asiyejua kusoma. Nikiviacha, naogopa nitamzika mama huyu, aliyenipokea kama binti yake na wala hakunisimanga siku hata moja kwa kukosa mtoto. Mlio na wazazi, mliofiwa, mnaojua haki ya maiti na haki ya aliye hai, nishikeni mkono: nitii kauli ya nani? Msikawie kunijibu. Hata uji wa leo ameurudisha bila kuuonja.