Mbuzi Kabla ya Viza

Dada yangu mkubwa alichinja mbuzi kabla ya viza kutoka, na mpaka leo hataki nimkumbushe. Namkumbusha hata hivyo, maana matokeo yake yaliletwa mlangoni kwangu: masanduku mawili makubwa na binti yake wa pekee.

Binti alikuwa amepata ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo, ufadhili wa kila kitu, kuanzia karo hadi chakula. Dada yangu, anayeuza vitunguu na viazi sokoni Chaka, aliona kazi imekwisha. Kwake viza ilikuwa muhuri tu, kama ule wa chifu: unaingia, unagongewa, unatoka. Kwa hiyo Jumapili kabla ya binti kwenda kuhojiwa ubalozini, aliita kanisa zima nyumbani. Mbuzi akaliwa, mukimo ukaliwa, akina mama wakamvisha msichana leso moja juu ya nyingine mpaka akashindwa kuinua mikono. Mchungaji aliomba aende salama, asome kwa bidii, awafungulie wengine mlango. Mjomba mmoja akaongeza kwamba apate kazi nzuri huko huko. Kila ombi liliitikiwa kwa amina ya kutikisa mabati.

Nilimvuta dada yangu kando nikamwuliza, "Na wakimnyima?"

"Wewe uko na mdomo mbaya," akaniambia. "Ati wamnyime nini na amelipiwa kila kitu?"

Wakamnyima. Afisa alimwuliza maswali machache akiwa nyuma ya kioo, na la mwisho lilikuwa ni nini kitakachomrudisha nyumbani baada ya masomo. Mtoto wa watu, aliyeongoza shule yake kwa hisabati, akajibu, "Mungu akipenda, nitarudi." Akapewa karatasi ya kumweleza kwamba hawakuridhika kuwa angerudi, lakini anaweza kuomba tena.

Dada yangu alipoiona karatasi hiyo hakuwaza viza kwanza. Aliwaza mbuzi. Mtu aliyekwisha kuagwa hawezi kuonekana sokoni akinunua sukari. Basi akamleta kwangu Naro Moru, ambako nina duka la kukodisha makoti mazito na buti kwa watu wanaopanda mlima. Kutoka Chaka ni mwendo mfupi tu kwenye barabara ya Nanyuki, na hapo ndipo ng'ambo yake ilipoishia.

"Mfiche mpaka viza itoke," dada yangu akaniagiza. "Na asikae mbele ya duka."

Nilikasirika, tena si kidogo. Msichana hakuwa ameiba kitu cha mtu. Alikuwa ameshinda wenzake wengi, na sasa anakaa chumba cha nyuma akirekebisha zipu za makoti, kofia imemfika machoni. Chuo kilikuwa kimemwandikia kwamba mwezi ukiisha kabla hajafika, nafasi na ufadhili vitapewa mwingine. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mama yake naye alikuwa akihangaika na akina mama wa kanisa.

Tena dada yangu ni mzee wa kanisa, kwa hiyo hasemi uongo. Alipoulizwa binti anaendeleaje huko, alijibu, "Huko ni baridi sana. Asubuhi akiamka anaona theluji." Ni kweli, kwa sababu ukisimama uani kwangu asubuhi kukiwa hakuna mawingu, unaona vilele vya mlima vyote, na theluji yake juu. Aliponisimulia jibu hilo kwenye simu nilicheka mpaka nikaketi.

Mchana, wateja wakipungua, nilivaa miwani yangu nikakaa nyuma ya kaunta, nikawa afisa wa ubalozi.

"Ni nini itakurudisha Kenya?"

"Shamba ya wazazi wangu."

"Hiyo shamba ni robo eka, na ndugu zako wawili wanaingojea. Leta ingine."

"Kazi, anti."

"Kazi gani? Ya kushona zipu?"

Alicheka, akanitupia kitambaa. Tukatafuta jibu pamoja mpaka likapatikana. Alikuwa akienda kusomea uhandisi wa maji, na huku kwetu Kieni watu wanapanga foleni na mitungi. Angesema atarudi kuchimba visima. Lilikuwa jibu zuri, na la kweli. Alilishika siku hiyo hiyo, ila alilisema kama mtoto anayekariri fungu la Biblia mbele ya wageni.

"Sema kama unaamini," nikamhimiza.

"Naamini, anti," akasema, akaendelea na zipu yake.

Siku moja mama mmoja wa kanisa lao, akiwa safarini kwenda Nanyuki, aliingia dukani kununua soksi. Msichana akatumbukia katikati ya makoti yaliyoning'inia. Makoti yale yana vumbi la miaka, na hakukawia kupiga chafya. Yule mama hakugeuka hata kidogo. Alisema tu, "Pole, mtoto wangu. Huko majuu homa ni mingi," akachukua soksi zake, akaenda.

Jumapili hiyo dada yangu alinipigia simu akiwaka moto. "Wamejua kitambo! Wote! Walikuwa wananiuliza tu ndio wanisikie nikisema hiyo maneno ya theluji!"

"Wewe ungefanya nini?"

"Ningewauliza zaidi," akakubali. Kisha akaniambia kwamba akina mama hao walikuwa wakikutana kila Jumatano, bila kumwambia, kuiombea hiyo viza. Tangu hapo msichana akahamia mbele ya duka, na biashara ikaenda vizuri.

Alirudi ubalozini mwezi ukielekea kwisha. Afisa safari hii alimwuliza anaenda kusomea nini na nani anamlipia, akabaki na pasipoti ili igongwe viza, basi. Hakuuliza habari ya kurudi. Visima vyetu havikuguswa. Nilipopewa habari hiyo nilifurahi mpaka nikalia, halafu nikaudhika kwamba uafisa wangu wote wa kaunta ulienda bure.

Pasipoti ilipofika hapakuwa na nafasi ya kuita mtu. Dada yangu alikuja peke yake na viazi vitamu vya kuliwa njiani. Gari la kwenda Nairobi lilikuwa limeshapakiwa masanduku. Akasimama mbele ya binti yake akimfunga vifungo vya koti, koti langu zuri kuliko yote, huku akimwagiza ale vizuri, asiache kusali, asisahau ndugu zake. Alipofika kifungo cha shingoni mikono ikasimama. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo:

"Na utarudi?"

Nilisubiri kusikia habari za visima.

"Hakuna mtu ameniambia nirudi, mami," msichana akasema.

Dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari. Dada yangu akakifungua kile kifungo, akakifunga upya.

"Si nakuambia saa hii," akasema. "Rudi."