Kikombe cha Dirishani

Mama alifanya kazi ya nyumba kwa mwanamke mmoja Mhindi, aliyekuja kuwa mjane, mjini Kitale, miaka kumi na minne, na miaka hiyo yote alikuwa na kikombe chake. Kilikuwa cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, nacho kilikaa nje kwenye dirisha la jikoni kisije kikachanganyika na vya wenye nyumba. Nilikiona nikiwa darasa la tatu, siku aliyonipeleka kazini kwake kwa sababu nilikuwa na homa. Nilikichukia papo hapo. Mama alicheka tu. "Si mimi niko na changu? Wewe yako iko wapi?"

Moyo wake ulisimama katikati ya miaka ya themanini, nikiwa na miaka kumi na saba. Tulimzika nyumbani, Tongaren.

Kwetu, siku chache baada ya mazishi, vitu vya marehemu hugawiwa. Shangazi alitandika mkeka uani, akaanza na nguo. Vitu vya jikoni aliniuliza mimi viende kwa nani, kwa kuwa ndimi binti wa kwanza. Hata jirani aliyeleta kuni tu haondoki mikono mitupu siku hiyo.

Yule mjane alikuja peke yake kwa pikapu ya kukodi, sari yake nyeupe imejaa tope. Alikuwa ameleta vitu vya Mama vilivyobaki kwake: patipati za mpira, kitana chenye mapengo, kitabu cha nyimbo, kopo la mafuta, na kile kikombe. Alivipanga mkekani kimoja kimoja, polepole. Vilikuwa vitu vya mwanamke yeyote. Bila shaka naye alikuwa na kitana chake na kitabu chake cha sala, lakini hayo nayawaza leo. Siku ile niliona kikombe tu.

Shangazi akamuuliza, "Na wewe mama, tukupatie gani?"

"Hii kikombe tu."

"Hapana!" nilisema, kabla Shangazi hajanigeukia. "Si ni hii mulikuwa munamwekea nje? Hata wewe utaenda kuiweka nje."

Shangazi alinifinya mkono, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Yule mama alinitazama, akasema, "Sawa, mtoto," akaenda zake. Shangazi alichukua leso moja akamkimbilia hadi barabarani. Pikapu ilikuwa imeshaondoka.

Nilijisifu kwa maneno hayo miaka kadhaa, nisidanganye. Nilikuwa mwalimu Bungoma, nina watoto wangu, kabla hasira haijaniisha, na ilipoisha ilibaki aibu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikakifunga kikombe kwa gazeti, nikaenda Kitale.

Mlango wa yule mjane ulifunguliwa na mke wa mwanawe. Nilipojitambulisha alinishika mkono, akaniketisha sebuleni, akaniletea chai. Mama mkwe wake, akasema, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Nikafungua gazeti. Alikitambua kikombe mara moja.

"Bwana yake alipokufa alikataa kula siku tatu," alisema. "Ni mama yako alimnywesha chai na hii, kidogo kidogo. Baada ya hapo walikuwa wanakaa kwa ngazi ya jikoni kila asubuhi, wanakunywa hii moja tu, huyu anapatia huyu."

Mama hakutuambia. Au labda alijua nisingetaka kusikia.

"Alikasirika nilipomnyima?" niliuliza.

"Hapana. Alisema wewe ulikuwa na haki, sababu ilikaa nje miaka mingi sana na ni yeye aliiweka."

Nilitamani sana angekuwa amenitukana. Nilikisukuma kikombe upande wake wa meza, nikamwomba akipokee kwa niaba ya mama mkwe wake. Alikishika kwa mikono miwili, akakiangalia kitambo, kisha akanirudishia.

"Dada," alisema, "vitu vyake sisi tulishamaliza kugawa."