Mtungi wa Pili wa Asidi

Siku yangu ya kwanza kazini, naibu wa mwalimu mkuu alinikabidhi funguo mbili na ndoo ya mchanga. Ufunguo mmoja wa maabara, mwingine wa kabati la kemikali, na mchanga wa kuzimia moto. "Madam," akaniambia, "hapa mashine ya kisasa ni wewe." Nilicheka. Nilikuwa nimetoka shule moja ya Kawangware, ambako nilianza ufundi wa maabara kwa kuosha chupa mwaka mzima, na nilidhani nimeiva.

Shule hii mpya ilikuwa Kianda, huko Kibera, ya umma na ya kutwa. Wanafunzi walitoka Raila na vijiji vingine vya Kibera, na wengine walikuja kwa miguu kutoka Kawangware. Kufikia saa kumi na mbili na nusu asubuhi madarasa yalikuwa yamejaa, maana wengi nyumbani hawakuwa na meza ya kusomea. Maabara moja ilihudumia fizikia, kemia na biolojia, kidato cha kwanza hadi cha nne. Mkuu wa idara ya kemia, mwalimu mkali asiyejua kuketi, alirudia masomo Jumamosi bila kuombwa na mtu. Shule hiyo naipenda hadi leo, na sioni haya kuisifu.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuandaa mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, ule wa majaribio kabla ya ule wa taifa. Mwanafunzi hudondosha asidi kutoka kwenye bureti, yaani bomba la kioo lenye vipimo, hadi alkali iliyo chupani ipoteze rangi yake ya waridi. Kisha husoma ni asidi kiasi gani imetumika. Kwa kuwa hatukutosha maabarani, tulifanya zamu mbili. Zamu ya kwanza ikimaliza ilifungiwa ukumbini ili wasipashane majibu.

Mwaka mmoja asidi iliisha kabla ya zamu ya pili. Nikachanganya nyingine mbiombio. Tulipimia kwa mitungi ya plastiki ya lita ishirini, niliyoichora mistari kwa rangi. Mtungi wa pili ulikuwa umekaa juani miaka, tumbo limefura, na mstari wake sikuwahi kuuhakikisha tena. Maji yakazidi, asidi ikawa hafifu. Jioni, nikiosha vyombo, nilipima mabaki ya asidi kwa bureti nikapata mililita ishirini na mbili na nusu, badala ya ishirini ya asubuhi. Mkataba wangu na bodi ya shule ulikuwa ukingoni, nikaogopa kufutwa. Nikanyamaza.

Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu zamu ya pili ilikuwa imepenyezewa jibu la ishirini huko vyooni, na wale wa zamu ya kwanza walioruhusiwa kutoka ukumbini kwenda haja, na wote wakaliandika. Wote isipokuwa Mwende, binti wa fundi cherehani aliyehamia Kawangware kutoka Kitui. Yeye aliandika ishirini na mbili na nusu, akanyimwa alama zote za sehemu hiyo.

Siku mbili baadaye alikuja maabarani na karatasi yake, macho mekundu.

"Madam, nionyeshe penye nilikosea. Hiyo bureti nilisoma mara tatu."

"Wenzako hawakukuambia jibu?"

"Waliniambia."

"Na mbona hukuandika?"

"Sasa ningeandika aje kitu sijaona?"

Nilimwacha amesimama pale, nikaenda ofisini. Nilieleza yote mbele ya mwalimu mkuu na mkuu wa idara.

"Madam, ungenyamaza nani angejua?" mwalimu mkuu akauliza.

"Hakuna. Mwende angeamini tu kwamba amekosea."

Mkuu wa idara hakunigombeza. Alienda moja kwa moja darasani, akamwomba Mwende msamaha wenzake wote wakisikia, kisha akatangaza kwamba zamu ya pili itarudia mtihani. Mimi mkataba wangu uliongezwa, kwa sharti kwamba nipime kila mtungi mbele ya mwalimu.

Sasa nimestaafu, nakaa Riruta. Nikisikia wazee wenzangu wakisema shule za huku hakuna kitu, nawaka. Nawaeleza habari za Mwende. Zamu nzima ilimwambia aandike ishirini, akakataa palepale. Mimi sikushurutishwa na mtu yeyote kunyamaza, na bado kusema ukweli kulinichukua siku mbili.