Tulikubaliana Nyama

Walimwita Fundi Ua, maana kazi yake ilikuwa kupunguza ua wa miti uliozunguka shule ya mlimani, wanakosoma watoto wa wakubwa. Kule mtoto hapigwi. Akikosa, anawekwa kitini na kuulizwa nini kinamsumbua, utadhani balozi. Fundi Ua aliyasikia hayo huku panga likifanya kazi, na kila alipopata chipukizi lililonyooka alilimenya, akalifunga na mengine, akashuka nayo shule ya bondeni. Huko ndiko alikosoma bintiye, watoto tisini kwa mwalimu mmoja. Hakuwa na mchango mwingine wa kutoa ila fimbo.

"Mwalimu," alisema kila akikabidhi mzigo, "nyama chukua, mifupa niachie. Nataka huyu mtoto afaulu."

Kufaulu kulikuwa na maana moja tu. Kila mwaka shule ya mlimani ilichukua mtoto mmoja wa bondeni kwa mtihani, na katika somo la hesabu binti huyo hakuwa na mpinzani. Mtihani ulikuwa Ijumaa.

Jumatatu alisinzia darasani. Tangu alfajiri alikuwa kwenye foleni ya maji, lakini nani wa kumuuliza? Fimbo ilimshukia mgongoni, mabegani, shingoni. Alipoinua mkono kukinga kichwa, ikamvunja vidole viwili vya mkono wa kulia.

Fundi Ua alipofika darasani na mzigo mwingine alikuta vidole vimevimba na fimbo iko mezani. Aliijua, ina kifundo katikati, aliimenya mwenyewe. Akamkunja mwalimu shati, akambwaga kati ya madawati, akamcharaza hadi ikakatika. Akachomoa nyingine kwenye mzigo, nayo ikakatika. Watoto waliruka madirishani. Damu ya mwalimu ikarukia ubao.

"Tulikubaliana nyama!" alifoka. "Nyama, mwalimu! Mifupa nilikwambia ni yangu!"

"Kwani fimbo... aliniletea nani?" mwalimu alihema pale sakafuni.

Mkono wa Fundi Ua ulibaki hewani. Alimchukia yule mtu, lakini si kama alivyojichukia mwenyewe. Mwalimu naye hakwenda polisi. Vidole vile angevieleza vipi?

Ijumaa, kule mlimani, binti aliandika mtihani kwa mkono wa kushoto. Baba yake alikuwa nje ya dirisha, akijifanya anakata ua. Msimamizi, mama mpole kweli, akamtokea na karatasi mkononi.

"Baba, alichojibu chote ni sahihi. Ila ameishia nusu. Huku tunahitaji watoto wepesi."

"Alivunjwa vidole, mama."

"Jamani! Huko kwenu bado mnapiga watoto?"

Aliurudia ua. Machipukizi yalikuwa yameshaota tena, marefu, yamenyooka vizuri. Akayavamia kwa panga, likampasua kidole gumba, hakusimama. Aliyakatakata yote hadi pasibaki kipande kirefu kuliko penseli.