Kumsikiliza Nguva Kule Muanda

Niliondoka Lubumbashi kwa sababu nyumba yangu ya mtaa wa Hewa Bora ilikuwa imenyamaza mno. Watu watawaambia niliitwa kwa ufundi wangu, na ni kweli: mimi ni fundi wa sauti, parokia nyingi za Kampemba zinanijua. Lakini kama mke wangu Véronique angekuwa hai, nisingekubali kwenda mbali na bukari, ugali wetu, kwa ajili ya mnyama.

Aliyeniita ni Odile, mpwa wa marehemu, mtoto wa Lubumbashi kama sisi, ambaye sasa anachunguza wanyama wakubwa wa majini huko Muanda, pale nchi yetu inapogusa bahari. Wavuvi walikuwa wamemletea ndama wa nguva, mama yake amekufa wavuni. Ikijulikana kwamba kuna nguva wengine karibu, ndama angefunguliwa awafuate. La sivyo angepelekwa Kinshasa kwenye bwawa la saruji, aishi humo peke yake hadi mwisho. Nguva hajionyeshi ovyo. Inabidi asikilizwe chini ya maji, na fundi wao alikuwa ameacha kazi.

Siku ya kuondoka, jirani yangu Mama Ngalula, Mkasai asiyeishiwa maneno, alinichungulia juu ya ukuta. "Papa Sylvain, banasema unaenda kutafuta mamba-muntu. Ule wa ku tableau yetu ya salon? Akikukamata, hautarudia." Yule ni mwanamke-samaki anayechorwa kwenye picha za sebuleni kwetu. Sikumjibu. Tangu mazishi nilikuwa nimeacha kumjibu.

Nilifunga mlango kimya kimya. Zamani mlango huo ulikuwa na desturi yake. Nikirudi kutoka kazini, hata funguo zikiwa mkononi, nilipiga hodi kwangu mwenyewe, naye Véronique aliitikia kutoka jikoni: "Karibu! Iko nani?" Nami nikasema, "Ni mugeni." Mchezo wa kitoto, lakini tulizeeka nao. Alipofariki nikawa naingia nyumbani kama mwizi.

Kinshasa nilishuka ndege na Kiswahili changu kikaishia pale pale uwanjani. Kwenye basi la Matadi mama mmoja alinimegea chikwanga, mkate wao wa muhogo, akanisimulia habari ndefu kwa Kilingala. Nilitikisa kichwa tu, kama mbuzi aliyeletwa mnadani. Ukimya wa nyumba tupu nilikuwa nimeuzoea. Huu wa katikati ya watu wanaocheka sikuujua.

Baada ya mji wa Boma barabara ikawa vumbi jekundu, na vumbi hilo ndilo kitu pekee kilichonikumbusha nyumbani.

Muanda tulifika mchana. Mimi ni mtu wa migodi, maji makubwa niliyowahi kuyaona ni ya ziwa kule Pweto. Bahari ilikuwa mbele yangu yote, inavuma. Niligeuka kusema "Ona," na upande wangu hapakuwa na mtu. Sikufurahi hata kidogo, nasema wazi.

Kambi ya Odile iko ndani, kwenye mkono wa maji unaopita katikati ya mikoko. Ndama alikuwa ndani ya uzio wa nyavu, mwenye rangi ya kijivu, mdomo una sharubu ngumu, mkia mpana kama mwiko wa bukari. Mlinzi wake, mvuvi aitwaye Papa Mavungu, aliongea Kikongo. Tulisalimiana kwa mikono, kisha kila mmoja akabaki na lugha yake.

Nilitumbukiza mikrofoni ya majini, nikaiunganisha na meza yangu ya sauti, yenye vitufe vya kupandisha na kushusha sauti, nikavaa vifaa vya masikioni. Kila siku nilizunguka na Papa Mavungu kwa mtumbwi, vyombo hivyo vikiwa ndani. Nilisikia maji, nilisikia kamba wa majini wakitatarika, basi.

"Tonton, hausikie kitu?" Odile, aliyeniita mjomba kwa Kifaransa, aliniuliza kila jioni.

"Paka maji," nilimjibu: maji tu.

"Kama haiko nguva ingine hapa, Jumamosi gari inakuja kumubeba. Siwezi kumufungua afwe na njaa mu mikoko."

Ijumaa asubuhi Papa Mavungu alinipa chupa ya maziwa nimnyweshe ndama. Niliinama hadi shavu langu likagusa maji. Alipomaliza, aliinua pua, na hapo nikasikia kitu kwa sikio langu tupu: mluzi mwembamba, mfupi. Akanyamaza, kama anayengoja. Akapiga tena.

Nilikimbilia vyombo vyangu. Kwenye vifaa vya masikioni, kimya. Nikatazama meza ya sauti, na aibu ikanipanda. Kila Jumapili, kabla padri hajafungua mdomo, mkono wangu hushusha sauti za juu, zile nyembamba, maana padri akisogelea spika tu hutokea ule mluzi wa kutoboa masikio tunaouita larsen. Mkono ulikuwa umefanya hivyo hivyo Muanda bila kuniuliza. Mtoto alikuwa anaita siku zote, nami nilikuwa nimemkata kama kelele ya kanisani.

Nilipandisha sauti za juu, tukaingia mtumbwini. Ndama aliita nyuma yetu. Tulipofika kwenye kona ya mikoko, mbele yetu mwingine aliitikia, mluzi mzito kidogo. Nilimvisha Papa Mavungu vifaa vya masikioni. Alisikiliza, akanishika bega, hakuliachia. Nililia, naye hakuhitaji mkalimani.

Jumamosi gari lilirudi tupu. Odile mwenyewe alifungua uzio. Ndama alisitasita mlangoni, kisha maji yakamfunika. Tulisikiliza miluzi miwili, mmoja ukiita na mwingine ukijibu, hadi ikafifia.

"Sijue kama ile mukubwa atamulea," Odile alisema. "Lakini haiko peke yake tena."

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, na upweke wangu ulikuwa umekaa nami kitini. Lakini nilikuwa na jambo la kuwaza. Mama Ngalula alikuwa ameniita juu ya ukuta ule tangu mazishi, asubuhi na jioni, nami nilimhesabu kuwa larsen.

Hewa Bora niliingia jua likiwa bado juu. Nilisimama mbele ya mlango wangu, funguo mkononi. Nilijua hakuna mtu ndani. Hata hivyo neno lilitoka.

"Hodi."

Nyumba ilikaa kimya. Kisha ng'ambo ya ukuta sufuria iliwekwa chini.

"Karibu!" Mama Ngalula aliitikia. "Iko nani?"

Kumbe miaka yote alikuwa anatusikia.

"Ni mugeni," nikasema.