Ovaroli Isiyonuka

Kaka yangu ni fundi wa injini melini. Kila akirudi Homa Bay likizoni, mama hakubali mtu mwingine aguse ovaroli yake. Huifua mwenyewe, na kwa miaka mingi maji ya beseni yalikuwa meusi tititi, yananuka mafuta mazito mpaka kuku wanahama uani. Alilalamika sana, lakini najua aliuonea fahari ule uchafu. Ndio uliomhakikishia kwamba mwanawe hazururi Mombasa.

Safari hii mama alinipigia simu nikiwa Migori. "Njoo. Kaka yako amefutwa kazi na anatuficha."

Nilimkuta mama kando ya beseni, maji yakiwa na povu tu. Ovaroli ilinuka sabuni. Niseme ukweli, hata mimi nilishtuka.

Kaka alicheka, kisha akaona mama hacheki. Akaeleza kwamba amehamia meli inayotumia gesi asilia. Gesi hupozwa kwa baridi kali mpaka inakuwa kimiminika, ikahifadhiwa kwenye matangi yaliyojengwa kama thamosi, halafu inapashwa moto na kurudi kuwa gesi kabla ya kuingia kwenye injini. Masizi karibu hakuna. Alikiri ina ubaya wake: ikivuja bila kuungua, inaharibu hewa. Mimi nilisikiliza nimeachama. Kumbe watu waliketi wakabuni jambo kama hilo, na ndugu yangu wa tumbo moja ndiye anayelitunza. Nilimpenda upya.

Mama hakuyumba. "Gesi ni ya kuchemsha chai," alisema. "Wuoda, mwanangu, kama kazi imeisha, sema. Kufutwa si aibu. Aibu ni kunidanganya mimi mamako."

Akaikamua ovaroli, akaianika kwenye kamba.

Jioni tulikula pamoja. Katikati ya chakula mama alikohoa, kama kawaida yake. Moshi wa kukaushia samaki wa biashara umemkaa kifuani. Mara akaacha tonge mkononi, akamtazama kaka. Zamani, saa kama hiyo, wangekuwa wanakohoa wote wawili, wakipokezana, kaka kwa moshi wa injini.

"Tangu ufike hujakohoa," alisema.

"Sijakohoa, mama."

Alimwekea kiganja kifuani, akakiacha pale kwa muda. Kisha akaniagiza nianue ovaroli kwenye kamba. Akaikunja taratibu, akampa.

"Rudi huko huko," alimwambia, akageuka ukutani, akakohoa peke yake.